Ushauri wa Boti Ulionihamishia Mke

Ndani ya Boti "Karafuu",
Mfereji wa Alperton, London.
2 Desemba 2003

Kwa Mhariri,
Jarida la Jumuiya ya Waswahili, London.

Ndugu Mhariri Miraji,

Assalaam alaykum. Natumai waraka huu utakukuta mzima wa afya, na ile mashine yako ya fotokopi nayo imepona. Mimi si mtu wa malalamiko, na wanaonijua Queensbury, nilikoishi miaka yangu yote ya ukarani kabla ya kustaafu na kuhamia kwenye boti, watakuthibitishia hivyo ukiwauliza kwa upole.

Nakuandikia kuhusu makala uliyoitoa toleo lililopita, "Kumiliki Boti ya Mfereji kwa Usalama," ya Bi Peris, muuguzi kutoka Kenya ambaye boti yake imefungwa jirani na yangu. Makala hiyo imeniharibia nyumba. Naomba uifute, na sababu zangu nazipanga kwa namba ili usipate taabu.

1. Bi Peris anaandika kwamba mwenye boti, kabla ya kushika usukani, atafute mwalimu. Bi Peris ni mtu wa Nyeri. Mimi nimezaliwa Wete, Pemba, na dirisha la chumba nilichozaliwa lilitazama bahari. Kweli sikuwahi kuendesha chombo chochote, na kweli safari ya kwenda Unguja nilikuwa naimaliza nimekumbatia ndoo, lakini hayo ni mambo ya tumbo, hayahusiani na ujuzi. Mtu wa kisiwani afunzwe boti na mtu wa milimani?

2. Makala inasema ukiwa ndani ya malango ya maji, pale boti inapofungiwa kwenye sanduku la mawe ili ishuke pamoja na maji, kamba haifungwi: inashikwa mkononi na kuachiwa kidogo kidogo. Mimi nilipofika malango ya Hanwell niliifunga, tena mafundo ya kutosha, kwa sababu sijapata kusikia kitu kilichofunguliwa kikawa salama kuliko kilichofungwa. Maji yakashuka. Boti, ambayo ni tiifu, ikabaki juu ilikofungwa. Mke wangu Time alikuwa ndani anakaanga sambusa, na mafuta yakaanza kuhamia upande mmoja wa karai. Bi Peris, aliyekuja pamoja nasi bila kushurutishwa, akaikata kamba kwa kisu ambacho makala yake inasema kila mwenye boti awe nacho karibu. Boti ikaanguka majini kwa kishindo. Kamba ilikuwa mpya. Mpaka leo hajaniomba radhi kwa ajili yake.

3. Makala inataka milango yote miwili ya boti iwe wazi wakati wote, isizibwe na kitu, ili watu waweze kutoka pakitokea moto. Sasa nikuulize wewe, Ndugu Miraji, ambaye umelelewa vizuri: wageni wavue viatu wapi? Siku ya Idi walikuja watu wengi, Mungu awajazie heri, wakavua mlangoni kama watu. Ikapita boti nyingine kwa kasi, yetu ikatikisika, na viatu vya nje vikaondoka na maji kuelekea Paddington. Mzee Asad alirudi Tooting kwa treni na kandambili za mke wangu, za maua. Bi Peris akashauri viatu viwekwe kwenye kapu chini ya benchi. Yaani watu wale pilau juu ya viatu!

4. Hili la nne lilihusu choo. Binti yangu Miska amelisoma akanitaka nilifute, nami nimelifuta.

5. Blanketi la kuzimia moto. Makala inasema likae ukutani karibu na jiko, lisiguswe. Kwetu limefunika sufuria ya pilau tangu tulinunue na pilau haipoi. Bi Peris alipoliona alilitoa juu ya sufuria mbele ya wageni, akalirudisha ukutani. Pilau ikapoa. Nalitaja hili ili uone mtu tunayepambana naye.

6. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, nalo ni matundu ya hewa.

Boti yangu ina matundu, mengine darini na mengine chini ya milango. Makala inasema, kwa herufi nzito, yasizibwe kamwe, hata wakati wa baridi, na kwamba pawe na kengele ya kugundua ile gesi ya mkaa isiyokuwa na harufu wala rangi. Huu ni mwezi gani, Ndugu Mhariri? Bi Peris kwao kuna baridi, kazoea. Mimi niliyaziba yote kwa kanga kuukuu za mke wangu, kwa uangalifu, na kwa mara ya kwanza tukaoga jasho London mwezi wa Novemba. Isitoshe, unajua kwamba sisi hatupokei wageni bila kufukiza. Udi tulioletewa na shemeji kutoka Maskati uende nje kupitia matundu, ukawanukie mabata wa mfereji?

Asubuhi ya Idi tuliwasha mkaa kwenye chetezo, tukatia udi. Shekhe akaanza dua. Kengele nayo ikaanza. Mtu mwenye adabu akikuta dua husubiri, lakini kengele ile ililia mfululizo mpaka shekhe akafupisha, na wapo waliokwisha kunyanyua mikono wakaishusha bila kujua kama waseme amina. Niliaibika sana. Nikaitoa betri. Nikaitia kwenye redio, ambako ilifanya kazi ya maana: tulisikiliza salamu za Idi kutoka nyumbani.

Mchana wageni walipokwisha kuondoka, na viatu walivyobakiwa navyo, nilifunga milango kwa ajili ya baridi nikaenda kuteka maji kwenye bomba la kando ya mfereji. Time alijilaza. Chetezo kilikuwa bado kina mkaa, kimewekwa chini ya nguo zake za Idi ili zikolee udi, kama mama yake alivyofanya na bibi yake alivyofanya, na wote wawili walifika uzeeni. Niliporudi, kichwa kilikuwa kinamuuma kidogo. Bi Peris, badala ya kumpa Panadol, aliita gari la wagonjwa, likaja na kelele mpaka kando ya mfereji, majirani wote wakatoka kutazama.

7. Matokeo yake ni haya. Mke wangu amehamia Stanmore kwa Miska. Analala dirisha wazi. Nikipiga simu anapokea mjukuu, ananiambia kwa Kiingereza kwamba bibi amepumzika. Ujumbe ulionifikia ni kwamba Time hatarudi mpaka matundu yazibuliwe, kengele ipate betri, na chetezo kiwashwe nje. Masharti mawili ya mwanzo ameyatoa kwenye jarida lako. Tumeishi pamoja tangu siku zile za taabu tulipoondoka Pemba, tukapita nchi za watu bila kuachana hata usiku mmoja, na leo tunatenganishwa na ukurasa wa tano. Boti hii ni nyembamba, Ndugu Miraji, lakini bila yeye naiona ndefu mno.

Kwa hiyo naiomba Jumuiya, kwa heshima zote, ipitishe yafuatayo: kwamba makala ya Bi Peris ifutwe, kwamba chetezo si moto bali ni mapambo, kwamba watengenezaji wa kengele waandikiwe barua wazifunze kupambanua udi na msiba, na kwamba Time bint Mbarouk aagizwe na kamati arudi kwake kabla ya Ijumaa.

Nisalimie mama watoto na watoto, kamati nzima, mweka hazina hata kama hajanirudishia miavuli yangu, Bi Zainab wa madrasa, na yeyote atakayeniulizia. Bi Peris usimsalimie wewe. Namsalimia mwenyewe kila asubuhi, ingawa kwa kichwa tu.

Wako katika kutafuta haki,

Khamis Faki Mwalim
Nahodha

Nyongeza. Ndugu Miraji, barua nimeisoma tena kabla ya kuitia kwenye bahasha. Usiichape. Time hakuumwa na kichwa. Niliporudi na ndoo ya maji nilimwita, hakuitika. Nikamtikisa bega, hakuitika. Bi Peris alisikia nikimwita, akaja mbio, akamshika miguu nami kichwani tukamtoa nje tukamlaza kwenye nyasi zenye barafu, akawa anampulizia pumzi, nami nimesimama nimeshika ile ndoo sijui ya nini. Tafadhali ichape upya makala yake, ukurasa wa kwanza. Ila imepungukiwa na jambo moja, wala si kosa lake, kwani hakujua kama kuna watu wanaowasha mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya harufu nzuri. Hilo tunalijua sisi. Liongeze wewe, kwa Kiswahili chetu, na utaje chetezo kwa jina lake. Na akitokea mwanamume akakuandikia kwamba yeye ni mtu wa kisiwani na hafunzwi boti, usimjibu. Mpe anwani yangu aje haraka, mkewe angali anaitika.