Vioo Kumi vya Martina

Jumatatu, 14 Julai 2025
Martina kafika na basi la Kahama. Mtoto wa dada yangu Bernadina, anasoma kemia chuo kikuu. Akili karithi kwangu. Mimi niliishia darasa la saba kwa haraka za maisha, si kwa uzito wa kichwa.

Shikamoo mjomba, marahaba, akafungua begi. Vioo kumi, kila kimoja kama kadi ya mpiga kura. Vinapitisha mwanga kama dirisha na umeme kama waya! Upande mmoja una utando wa madini, mwembamba hata hauonekani. Ataviloweka kwenye dawa siku nzima. Chembe za dawa zinajishikiza kwenye utando, mikia yake inabaki nje kunasa zebaki iliyo majini. Nikamwambia nimeelewa: ni kama magunia tunayotandika mwaloni yanavyonasa dhahabu tunapoosha mchanga. Akasema hapo hapo, mjomba.

Kisima cha dada kinashukiwa kuwa na zebaki. Wadogo zake Martina watatu wanakunywa humo. Mzee Masele, mwenyekiti wa kitongoji, anataka ushahidi Ijumaa. Bila ushahidi, mialo yetu ya kuchenjulia dhahabu haisogei hata hatua kutoka kisimani.

Mhalifu namjua. Deusdedit, jirani yangu wa mwalo. Zebaki anaimwaga kama maji ya kunawa. Mimi naitumia kwa ustaarabu.

Jumanne, 15 Julai
Nimechukua kioo kimoja. Sijaiba, nimeazima. Nimekibandika kwa selotepu juu ya simu yangu, Deusdedit aone teknolojia. Akauliza kama nafungua duka la fremu za picha. Wivu! Lubumbashi nimefika, yeye hata Tabora haijui.

Simu imegoma. Nagusa, haisikii. Nafinya, natukana, wapi! Watu wanapiga, naitazama tu inavyolia. Ni mtandao. Au Deusdedit.

Jumatano, 16 Julai
Asubuhi Martina kaenda kuchota maji ya kupima. Vioo tisa viko kwenye sahani, vimeshatoka kwenye dawa. Vina ukungu! Mzee Masele aonyeshwe vioo vichafu? Dhahabu yangu huisafisha kwa asidi mpaka inacheka. Nikavitumbukiza vyote. Vikatoka vinang'aa kama macho ya mchumba.

Alasiri. Martina kaweka mita ya umeme. Kimya. Kageuza upande wa pili. Kimya. Tisa vyote. Asidi imekula dawa, ikala na utando wenyewe. Sasa ni vioo vya dirisha.

Hakupiga kelele. Alikaa kizingitini, akauliza tu wadogo zake watakunywa nini. Afadhali angenipiga.

Nikatoa simu nimpigie fundi wa Mwanza. Haigusiki. Martina akauliza nimebandika nini pale. Mapambo, nikasema. Akakibandua, akaweka mita. Piii! Kioo cha kumi, kizima! Akaeleza kwamba utando unaopitisha umeme ndio ulioikinga simu isihisi kidole. Alikuwa analia na kucheka pamoja.

Kwa hiyo nimeokoa mradi. Iandikwe.

Alhamisi, 17 Julai
Kioo kimeoshwa kwa sabuni na spiriti, kimo kwenye dawa. Nimepigwa marufuku kusogelea meza. Nalinda kwa mbali na fimbo. Nimefukuza kuku wawili na Deusdedit.

Ijumaa, 18 Julai
Mkutano. Martina kaunga kioo na kompyuta yake kwa waya, kakichovya kwenye maji ya chupa: mstari wa kompyuta umelala. Kachovya kwenye maji ya kisima: mstari ukainuka kama kichuguu. Zebaki!

Nikasimama, kidole kwa Deusdedit. Mzee Masele akauliza mteremko unatokea upande gani. Mwalo wa Deusdedit uko chini ya kisima. Juu ya kisima upo mmoja tu.

Watu wote wakanitazama. Isipokuwa dada. Kidole changu bado kiko hewani.

Nikasema kesho nahamisha mwalo, na maji ya dada nitayachota mwenyewe kutoka bomba la shule mpaka kisima kipya kipatikane. Sikungoja kuamriwa. (Mzee Masele alikuwa ameshafungua mdomo, lakini sauti yangu ilitangulia.) Deusdedit akaniita Bwana Ustaarabu, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema guta lake la kubebea mizigo nilichukue, nisije kuvunjika mgongo.

Jumapili, 20 Julai
Mwalo umehama, magunia na vyote, mbali na maji. Guta la Deusdedit limefanya kazi, na mdomo wake pia. Ndoo sita nimeshampelekea dada. Leo kanipakulia michembe, viazi vyetu vya kukaushwa. Nikala mpaka nikafungua mkanda.

Martina kaondoka. Kapiga simu akiwa Shinyanga: kakisahau kioo dirishani! Mwalimu wake anataka kukipima tena kabla barua ya kuomba kisima kipya haijaandikwa. Nikifunge kwenye karatasi, nikitume kwa basi la kesho, nisikiguse kwa lolote. Nikamwambia mwanangu, hesabu kimefika.

Nimekitazama. Kina ukungu.

Chuo kikuu kizima kione kioo cha namna hii? Watatuonaje sisi watu wa Bugarama? Asidi ipo nusu chupa. Tone moja tu, halafu nakifunga.