Mlio Unaopanda Gari na Mama Mkwe

Kwako Shemeji Mkubwa, kifungua mimba wa mama mkwe wangu na mwenyekiti wa vikao vyote vya familia,

YAH: OMBI LA KUMSHUSHA MAMA YENU KUTOKA KWENYE GARI LANGU, KWA HESHIMA ZOTE

Salamu nilizitanguliza kwa simu, kwa hiyo hapa naingia moja kwa moja kwenye maudhi.

Dada yako, ambaye ni mke wangu na sijuti, ametangaza kwamba kikao cha Jumapili kikimalizika bila kujulikana ni kitu gani kinachopiga kelele ndani ya gari langu, basi gari linauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Si vitisho vya maneno. Jamaa ameshafika. Amelizunguka gari, akaligonga bodi kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji, akaondoka anatabasamu. Lile tabasamu, Shemeji, limeninyima raha mpaka leo.

Gari hili ndilo lililomleta dada yako kwangu akiwa bibi harusi. Wanangu wote walitoka hospitali ya wazazi kwa gari hili. Na ndilo kitu pekee nyumbani kwangu ambacho nikitaka kigeuke kulia, kinageuka kulia. Siwezi kukaa barazani nikitazama linakatwa vipande vipande.

Ni la zamani, sikatai. Lina milio yake, na yote naijua kama ninavyojua kikohozi cha mwanangu. Ule wa kufoka asubuhi ni mkanda wa feni. Ule wa kukoroma ni egzosi. Ule wa dashibodi ni kitana cha binti yangu kilichotumbukia kwenye tundu la hewa akiwa darasa la kwanza. Sasa binti ameolewa, kitana bado kinatetema, na mimi husikia raha kukisikia. Hiyo ni milio ya nyumbani. Huu ninaoulalamikia ni wa kuja.

Unalia hivi: cheng'e-cheng'e-cheng'e. Unatoka nyuma, kushoto. Gari nimelipeleka kwa fundi wetu wa mtaani, yule tunayemwita Sikio kwa sababu huchomeka bisibisi ndefu kwenye injini na kutega sikio kwenye mpini wake, macho kayafumba. Alibadilisha bushi, akakaza egzosi, akatoa shokapu zote za nyuma akazitikisa moja moja kama anayetafuta chenga kwenye ungo. Kisha akaliendesha peke yake, akaenda akarudi. Kimya! Akajifuta mikono, akaniambia gari langu halina neno, niangalie abiria.

Basi nikaangalia abiria. Wewe unajua kazi yangu ni kukagua mizani za wenye maduka, na mtu wa mizani habahatishi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlio huu haupandi na mtu mwingine yeyote ila mama yenu. Nimekwenda na dada yako: kimya. Nimekwenda na jirani, mnene kuliko mama na mwenye kelele kuliko mama: gari kimya, jirani ndiye aliyelia njia nzima habari za bomba lake la maji. Siku ya kumpeleka mama kliniki ya presha au kwenye ibada, hatujamaliza hata mtaa wetu, cheng'e-cheng'e, tumeanza.

2. Mtu atasema ni uzito. Nilijua utasema. Nimechukua gunia, nikalijaza mchanga mpaka likafikia uzito wa mama, nikalikalisha kiti cha nyuma na kulifunga mkanda. (Mama sikumpima, Mungu apishe mbali. Nilikadiria kwa jinsi springi za nyuma zinavyoinama akikaa, na kwa jicho langu la kazi.) Nimetembea na gunia hilo mji mzima, kwenye mashimo na kwenye matuta. Halikutoa hata mguno. Kwa hiyo mama na gunia wana uzito mmoja, lakini tabia tofauti.

3. Mtu mwingine atasema ni bangili zake, zile za shaba mlizomchangia nyinyi wanawe, zinazomjaa kutoka kiwikoni hadi kwenye kifundo. Nalo nimelifikiria na kulitupa. Bangili hulia mkono ukitikisika. Mama yenu ni mtu mtulivu. Akikaa kwenye gari anajifunika shuka lake mabegani na kutulia tuli kama anapigwa picha. Haya nayasema kwa kukisia, maana kioo cha ndani nimekielekeza kwenye paa tangu siku ya kwanza aliyopanda. Sioni adabu mtu mzima kumkodolea macho mama mkwe wake safari nzima. Kioo cha nje cha kushoto nacho kiling'olewa na mkokoteni. Lakini sihitaji kumwona ili nijue ametulia. Mama mkwe wangu namjua.

4. Mlio una ubaguzi. Nikikata kona ya kushoto, unanyamaza. Nikikata kona ya kulia, unapanda, na mama anaongeza mguno, "mmh", wa mtu anayenyanyua ndoo. Huo mguno ndio unaoniuma. Miaka yote hii naendesha gari, sijagonga hata kuku, halafu mtu anagunia kona zangu? Tena za kulia tu? Kisha ananiambia, "Baba, polepole hapo kwenye kona." Baba, polepole! Mbele ya mke wangu! Nimepunguza mwendo mpaka mzee mmoja mwenye fimbo ametupita, akageuka kutupa pole.

5. Sasa imezuka habari ya bega. Mama analalamika bega la kushoto linamuuma, dada yako anamsugua dawa kila jioni, na lawama zimepelekwa moja kwa moja kwenye kiti cha gari langu. Nimekikalia kiti hicho mwenyewe, gari likiwa limesimama uani, nikasoma gazeti zima mpaka matangazo ya vifo. Bega langu halikuwa na habari. Kiti ni kizuri. Kina sponji.

6. Hili la sita nilitaka kulimeza lakini limenikwama. Mama akifika anakokwenda, sisi sote tunashuka, yeye anabaki nyuma. Tunamngoja mlangoni. Anashuka kwa nafasi yake, anaufunga mlango, kisha anaingiza mkono dirishani, kwa kuwa kioo cha upande ule kiligoma kupanda, na anafanyafanya mambo yake humo ndani. Tukirudi kwenye gari nakuta mtandio wake umefungwa, ncha moja kwenye mpini wa ndani wa mlango, ncha nyingine kwenye mkanda wa kiti, na umekazwa hasa. Nimeuona wiki nenda wiki rudi. Siku zile hayupo, mtandio upo. Shemeji, hii maana yake nini, kama si kujiwekea kiti? Watu hufanya hivyo kwenye kumbi za harusi, wanaweka mkoba juu ya kiti wakaenda kuchukua soda. Kwenye gari la mkwewe? Hata hivyo sikuugusa. Nilipofanya jaribio la gunia, gunia nililiingizia mlango wa kulia na kulikalisha katikati, mtandio nikauacha ulivyo. Nikamwambia dada yako mama yake ameweka alama ya mpaka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Kwa ushahidi huu, mtu yeyote mwenye akili timamu ataona kwamba gari ni zima na mama ndiye anayelia. Sisemi kwa ubaya. Umri ni umri. Hata mizani ya shaba ikikaa sana hulegea. Ila haiwezekani kilichochakaa kiwe abiria halafu kinachouzwa kiwe gari.

Kwa hiyo naomba kikao cha Jumapili kiamue yafuatayo.

(a) Mama asafirishwe kwa gari jingine, kwa muda, mpaka uchunguzi ukamilike.

(b) Ili haki itendeke, azungushwe kwenye magari ya wanawe wote, kuanzia lako wewe, kila mmoja akae naye wiki moja. Likilia na gari lako jipya lile ulilotuita tuje kulitazama, tutakuwa tumemaliza ubishi.

(c) Daktari wa presha aombwe, akimaliza kupima presha, ampime na viungo vilivyolegea. Sikio naye yuko tayari kuja na bisibisi yake. Nimemkatalia kwa sasa, nikaona tuanze na daktari.

(d) Kikao kitoe tamko la maandishi kwamba gari halina kosa. Nitalibandika kwenye dashibodi, juu ya kitana.

(e) Mtandio urudishwe kwa mwenyewe, na kiti kitangazwe kuwa ni cha umma.

Ili msidhani natunga, leo asubuhi nimekwenda kwenye gari, nikanawa mikono kwanza, nikaufungua mtandio kwa heshima zote. Nimeukunja vizuri na kuutia ndani ya bahasha hii kama kielelezo. Naileta barua mwenyewe kwa gari hilo hilo, uje ulisikie lilivyo kimya.

Mfikishie salamu mkeo, watoto, yule mjomba asiyesikia vizuri, na wote watakaohudhuria kikao. Mama akija kikaoni msalimie kwa namna yake, bila kumweleza kilichomo humu.

Ni mimi shemeji yako mdogo, mwenye gari zima na moyo mzito,

Mkaguzi wa Mizani

N.B. Shemeji, usishangae bahasha imechanika, na usikitafute kielelezo. Hakimo.

Nimetoka nyumbani vizuri, gari kimya, roho yangu kwatu. Kwenye kona ya kinyozi nikakata kulia, kwa mwendo wangu wa kawaida, si ule wa polepole. Mlango wa nyuma wa kushoto ukafunguka wote, ukapiga nguzo, ukarudi ukining'inia kwenye bawaba moja. Gunia la mchanga lilikuwa bado lipo nyuma. Nilikuwa nimelifungua mkanda na kulisogeza mlangoni ili nikifika kwako iwe rahisi kulishusha, liwe kielelezo cha pili. Likaruka. Likabingirika mpaka miguuni mwa watu waliokuwa wanangoja kunyolewa, likapasuka. Watu wakacheka. Kinyozi akauliza kama nauza mchanga.

Mimi sikucheka. Nilisimama pale nikalitazama lile gunia chini, kwa sababu mimi ndiye niliyelijaza na najua lina uzito wa nani.

Nikampigia mama simu. Sijasema neno, kasikia tu pumzi zangu, akaniuliza, "Baba, umeufungua mtandio?" Kisha akauliza kama kulikuwa na mtu amekaa upande ule. Nikamwambia gunia. Akasema alhamdulillahi, na hakuuliza gunia la nini.

Kumbe kitasa kimekufa zamani, hakishiki. Mama aligundua hilo mapema, siku ile ile alipomsikia dada yako akiapa kwamba ubovu mwingine ukionekana, gari linauzwa. Akaona aibu itanipata mimi. Basi safari zote hizo ameushikilia mlango kwa mkono wa kushoto, chini ya shuka, dada yako asione, kwenye mashimo na kwenye kona zangu zote za kulia. Akishuka anafunga mtandio ili usifunguke akiwa hayupo. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia hata mimi, alisema alidhani najua, na kwamba nanyamaza ili tusimshtue dada yako. Aliona kioo nimekielekeza kwenye paa, akaamini tuko pamoja.

Nikaona afadhali nijitie kitanzi mwenyewe, nikamsomea barua hii yote kwenye simu. Alisikiliza mpaka kwenye kipengele cha Sikio na bisibisi. Hapo akacheka, Shemeji, akacheka mpaka akapiga paja, na mimi nimesimama barabarani nimeshika mlango, nikausikia ndani ya simu, bila gari, bila kona: cheng'e-cheng'e-cheng'e.

Amesema nikuletee barua hivyo hivyo, nisifute hata nukta, mcheke wote. Nimetii. Ila kikao msikiahirishe, badilisheni mshtakiwa tu. Sikio anakuja na kitasa kingine kesho, na kioo nimekishusha kutoka kwenye paa. Jumapili mama atakaa mbele, dada yako atakaa nyuma, na mkimwona mama ananuna mwambieni mimi ndiye niliyeomba alipumzishe bega.

Mtandio nimeufungia mlango nipate kufika kwako. Nimeufunga mara nyingi na hauwi kama alivyoufunga yeye.