Mlinzi wa Daraja na Wateja wa Saluni Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Leo ni siku ya kuandikwa. Binti yangu kachaguliwa! Tena si na wajumbe wa mtaa, ni na redio. Jumamosi anapanda jukwaani kwenye ukumbi wa maktaba kushindana kwa hoja, na mshindi anapewa kipindi chake mwenyewe kila Alhamisi jioni. Kipindi cha kuzungumzia anime, zile filamu za kuchorwa za Kijapani. Mimi huziita katuni, na kila nikiziita hivyo binti yangu hufumba macho kama anayechomwa sindano.

Mada ni hii: ipi bora, Mlinzi wa Daraja ile ya kwanza, au mwendelezo wake, Mlinzi wa Daraja: Kizazi Kipya? Binti yangu anaitetea ya kwanza. Na wa kuutetea mwendelezo ni nani? Miwani! Yule kijana wa Mama Vidonge, mwenye duka la dawa lililopakana na saluni yangu. Nimecheka mpaka kitana kikaniponyoka. Kijana yule ukimuuliza jina lake anaomba muda wa kufikiri.

Binti yangu alianza kuongea bado ananyonya. Wenzake walisema "ma", yeye alisema sentensi nzima. Baba yake anadai alipiga chafya. Baba yake ni fundi umeme, mambo ya lugha hayajui.

Sasa sikiliza. Watakaoamua ni watazamaji, kwa kunyoosha mikono. Mikono! Na mimi kazi yangu ni vichwa, na kila kichwa kinachopita kwangu kina mikono miwili.

Binti yangu kaniona nilivyonyamaza, akashtuka. Kaniomba kwa adabu kabisa: mama, safari hii usifanye chochote, njoo tu, kaa, piga makofi, basi. Nikamwambia mwanangu, mimi nifanye nini, mimi mtu wa rola na shampuu? Kisha nikamwomba flashi yenye katuni zote mbili, nipate kumwelewa. Akanikumbatia. Maskini!

Jumanne, 4 Juni

Mpango umeiva. Wateja wangu nitawaonyesha ule mwendelezo, hiyo Kizazi Kipya. Ndiyo, ya adui! Wauone ulivyo mbovu, wauchukie, Jumamosi wajae ukumbini kumpigia kura binti yangu. Mama Vidonge anauza dawa za kichwa lakini kichwa kama hiki hana.

Kasoro ni moja. Runinga ya saluni mume wangu aliitundika ukuta wa nyuma, eti ndiko kwenye soketi. Wateja wanakaa wakitazama kioo, kwa hiyo runinga wanaiona kiooni. Picha inaonekana vizuri, ila yale maandishi ya chini, ya tafsiri ya Kiswahili, yanageuka kinyume, na watu wa kwenye katuni wanaongea Kijapani. Nikaona hilo ni neema. Mfasiri nitakuwa mimi! Sikijui Kijapani, lakini uso wa mtu nausoma. Na nikigeuka, maandishi nayaona sawasawa, yale yasiyopita haraka.

Nimeanza leo na Muuguzi, aliyetoka zamu, na mke wa fundi bomba, mwenye nywele nyingi kuliko subira. Nikawaambia: tazameni upuuzi huu.

Jumatano, 5 Juni

Mpango umeleta matatizo madogo.

Kizazi Kipya iko hivi. Yule binti aliyekuwa analinda daraja katika ile ya kwanza sasa ni mtu mzima, na amezaa. Mkuki anaushika mtoto wake wa kike. Yeye mama anasimama getini na taa, mvua inamnyeshea, anangoja mtoto arudi. Kila sehemu ni hivyo hivyo. Mtoto anapigana na vivuli, mama getini. Mtoto anajibu jeuri, mama getini.

Nilikuwa nimejiandaa kuwaambia kwamba rangi zinang'aa mno, kwamba adui anasamehewa kabla hajaomba, kwamba nywele za watu hazilowi hata kwenye mafuriko. (Nani anawatengeneza? Ningemwajiri leo.) Lakini yule mama alipoinua taa, maneno yakanitoka yenyewe. Nikafasiri. Nikasema anasema: mwanangu, hata wasipokuona wote, mimi nakuona.

Baadaye nikageuka kusoma. Yameandikwa: "Mvua leo kubwa."

Muuguzi alilia ndani ya draya. Mke wa fundi bomba alikataa kuondoka, nywele zikiwa tayari, akaagiza zioshwe upya. Hadi jioni saluni nzima imeipenda Kizazi Kipya. Mama Vidonge akachungulia mlangoni, akasikia wanavyoisifu, akanishukuru kwa kumfanyia mwanawe kampeni. Akaniita shoga! Miaka yote hii hajawahi kuniita shoga.

Alhamisi, 6 Juni

Nimegeuza mpango. Leo nimeweka ile ya kwanza.

Hii imechorwa kwa mkono mzito, rangi zimefifia, na watu wanakaa kimya muda mrefu mpaka unadhani umeme umekatika. Yule binti bado mdogo. Nywele zake zinalowa, zinashikana, na sehemu ya pili anazikata mwenyewe kwa kisu, upande mmoja mfupi, mwingine mrefu. Kikazi imeniuma. Lakini nilimwamini yule mtoto. Yule wa Kizazi Kipya ni mzuri, ila wa kwanza unajua njaa imempitia.

Balaa liko mwanzoni. Mama yake anafagiliwa na maji, hata nembo ya katuni haijatokea! Muuguzi akapaza sauti: we mama Wakili (wananiita hivyo, kwa sababu ya binti yangu), mwanamke kafa sijakaa hata vizuri kwenye kiti? Zima! Mke wa fundi bomba akaunga mkono. Wengine wakaanza kunyoosha mikono kunionyesha watakavyoipigia kura Kizazi Kipya.

Hapo kiooni akapita paka. Paka wa kijivu, juu ya ukingo wa daraja, anamtazama yule binti.

Nikasema: hajafa, jamani. Si huyo hapo.

Wapi?

Huyo paka. Ndiye mama yake.

Wote wakainama kukisogelea kioo. Kisha Muuguzi akasema taratibu: alaaa.

Ijumaa, 7 Juni

Ushindi! Saluni haina pa kukaa. Wamekuja hata wasio na nywele za kusuka. Kila paka akipita wanapiga kelele: mama huyoo! Paka akilala juu ya paa, yule binti akiwa amelala chini, nafasiri: leo hajavaa sweta, huyu mtoto. Paka akiruka, nafasiri: kula kwanza. Vitu ambavyo mama yeyote angesema. Wamesahau kabisa Kizazi Kipya. Muuguzi kasema mama wa getini ni mama, lakini mama wa kwenye paa ni mama zaidi.

Mume wangu alikuja kubadilisha balbu, akatazama kidogo, akaniuliza kama binti yetu anajua habari za huyu paka. Nikamwambia afunge balbu.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kabla sijavua viatu.

Ukumbi ulijaa. Nusu yake ni kazi ya mikono yangu, ungeona vichwa vilivyong'aa. Nilikaa mstari wa mbele na gauni la zambarau. Miwani alianza. Aliongea kwa kigugumizi kwamba Kizazi Kipya inaonyesha kinachobaki baada ya ushujaa, kwamba shujaa naye huzeeka na kuogopa. Hakuwa mbaya. Nimeliandika hili mara moja, sitalirudia.

Binti yangu akasimama. Hana karatasi! Akasema katika ile ya kwanza hakuna hata mtu mmoja anayemwambia yule binti kwamba amefanya vizuri, inabidi ajifunze kujiambia mwenyewe, na ndiyo maana kila hatua yake darajani ina uzito. Katika mwendelezo, akasema, kila mtu anapigiwa makofi kwa kila kitu.

Nikapiga makofi.

Akaendelea. Akasema nguvu yote ya hadithi iko mahali pamoja: mama amekufa kweli, na harudi.

Nikaanza kutafuta mlango kwa macho.

Muuguzi alishanyoosha mkono. Samahani mwanangu, akasema, umeongea vizuri sana, lakini na paka je?

Binti yangu akauliza paka gani. Wateja wangu wote wakamjibu kwa pamoja. Ukumbi ukacheka. Miwani akasema ameitazama mara nyingi na hilo la paka lilimpita, huyu kijana ana heshima zake. Binti yangu hakucheka. Alinitazama mimi. Si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Akaeleza polepole kwamba paka yule ni wa mzee anayefungua lango la daraja. Tena ni dume.

Dume!

Vichwa vyote nilivyovitengeneza vikanigeukia.

Muuguzi akauliza: kwa hiyo mama amekufa? Amekufa. Tangu mwanzo? Tangu mwanzo. Mke wa fundi bomba akaanza kulia kwa sauti. Ilipofika kura, Muuguzi akasimama akamwomba binti yangu radhi. Akasema vifo anaviona kazini, hawezi kuvinyooshea mkono Jumamosi. Akaipigia Kizazi Kipya. Wateja wangu wakamfuata, mkono kwa mkono.

Miwani kashinda.

Jumapili, 9 Juni

Binti yangu hajasema neno tangu jana. Ameosha vyombo ambavyo hakuna aliyemwambia aoshe. Hiyo kwake ni mbaya kuliko kupiga kelele.

Nimekwenda kwa Mama Vidonge kumweleza kwamba kura ile ni batili, kwa kuwa wapiga kura walidanganywa. Akaniuliza walidanganywa na nani. Sikuwa nimefika huko katika kufikiri. Akanipa pipi za koo bila kunitoza, eti jana nilishangilia sana. Amenikera. Pipi ni nzuri.

Kosa ni la Muuguzi.

Jumanne, 11 Juni

Leo mchana, saluni tupu, binti yangu kaingia. Akakaa kwenye kiti. Akafumua nywele mwenyewe, akanipa kitana. Nikaanza kuchana bila kusema kitu. Mimi, bila kusema kitu! Alijua naumia.

Baadaye akaniuliza, akinitazama kiooni, pale darajani maji yalipofurika mara ya pili yule paka alikuwa anasema nini. Nikaona ananitega. Nikamwambia kweli yote: alikuwa anasema usiogope maji, yaliyonichukua mimi si haya. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka. Kisha akawa analia kidogo pia.

Akaniuliza kwa nini sikumwacha tu yule mama afe. Alikuwa ameshakufa, mama, wala hukuwa na kazi ya kufanya.

Nikasema nilishindwa. Mtoto yuko peke yake juu ya daraja, baridi, nywele kazikata vibaya, hakuna wa kumwambia hata vaa sweta. Nilishindwa, mwanangu. Kura nilizitaka, lakini kwanza nilishindwa kumwacha peke yake.

Alikaa kimya kama watu wa katuni yake. Kisha akasema hajawahi kuona mwendelezo mbovu kama huu wangu. Nikauliza: kuipita Kizazi Kipya? Kwa mbali sana, akasema. Halafu akaegemeza kichwa tumboni kwangu, akaniuliza paka anafanya nini baadaye.

Nikamsuka mistari midogo midogo, ile inayochukua muda.

Alhamisi, 13 Juni

Miwani kaja nyumbani, kavaa tai. Amewaambia wa redio kwamba peke yake hawezi, anahitaji mtu wa kumbishia, na anayejua kubisha vizuri ni mmoja tu. Wamekubali. Wataendesha kipindi pamoja, yeye upande wa mwendelezo, binti yangu upande wa ile ya kwanza. Binti yangu alijidai kufikiri. Mimi nilishakubali kutoka jikoni.

Bila mpango wangu haya yangetokea? Asingeshindwa, asingebishiwa, asingeitwa. Nilimweleza baba yake hivyo. Alisema anakwenda kuangalia mita.

Binti yangu ameniapisha. Wasikilizaji watapiga simu, lakini mimi nisipige. Nimeapa mbele ya baba yake: mama yako hatapiga simu redioni.

Alhamisi, 20 Juni

Kipindi cha kwanza! Sauti ya binti yangu ilivyotoka redioni, wateja wote niliwanyamazisha, hata aliyekuwa anaungua sikio. Alianza na nywele. Akasema katika ile ya kwanza mvua inalowesha nywele, katika mwendelezo hailoweshi, na hapo ndipo utajua nani aliyechora akiwa na baridi. Nywele! Amelitoa wapi hilo kama si kwangu?

Simu zikafunguliwa. Sasa, nilichoapa ni kwamba mama yake hatapiga. Sikusema lolote kuhusu mzee mstaafu. Nikaazima simu ya muuza nyama wa jirani, nikaingia chooni, nikakaza koo mpaka sauti ikashuka. Nikasema mimi ni mzee mstaafu, nimetazama anime zote duniani, na sijapata kusikia binti mwenye akili kama huyu. Nikauliza, kwa utafiti tu, akili hizo amezirithi wapi.

Nilimsikia Miwani akikohoa.

Binti yangu akasema: asante, mzee wangu. Nimezirithi kwa mama. Ukimwona mwambie leo nitachelewa, aniwekee chakula.

Hakunitambua hata kidogo! Nimemwekea chakula, nimekifunika.

Alhamisi ijayo napiga kama daktari wa meno.