Jina la Tatu kwenye Fomu ya Langoni

Jumatatu, 4 Novemba

Barua ya shule imeletwa na mjukuu, imekunjwa mara nne. Habari kwa familia. Darasa la pili limeshinda mashindano ya kusoma kwa sauti. Matangi ya maji yameoshwa. Kisha, chini, kwa herufi nzito: usalama wa wanafunzi. Kuanzia wiki hii hakuna mtoto atakayetoka langoni ila kwa mtu mwenye kadi ya njano yenye picha. Kila familia iandike majina mawili tu.

Makosa matatu. Aya ya mwisho haina hata nukta. Niliongoza shule ile miaka ishirini na miwili, nikaandika barua kama hiyo kila Jumatatu, na hakuna iliyotoka bila nukta. Watoto waliniita Mwalimu Nukta. Walidhani sijui.

Binti yangu amejaza fomu akiwa amesimama, chai inachemka. Jina la kwanza, lake. Jina la pili, la fundi cherehani wa mlango wa pili. Nikasubiri. Akafunika kalamu.

Nikamkumbusha, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mtoto ana babu. Akasema, Baba, wewe mwenyewe unahitaji wa kukuchukua. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeniuma.

Niandike ukweli, maana daftari hili litasomwa nikishazikwa, na maiti haoni haya. Daktari ameniambia niachane na ngazi, chumvi na hasira. Ngazi nimeacha. Siku hizi haniambii kitu tena. Anamwambia binti yangu ukumbini, mlango umerudishwa. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, najua maana yake watu wazima wakinong'ona nje ya darasa.

Basi nimebaki na haja moja. Nataka siku moja nisimame langoni saa nane na nusu, kengele ilie, mtoto atoke, anitafute kwa macho, anione. Kisha tutembee mpaka nyumbani. Ni hatua mia nne na kidogo. Nilizihesabu zamani, nilipokuwa nazipita bila kuzihitaji.

Fomu iko mezani, chini ya bakuli la sukari. Binti yangu yuko bafuni. Kalamu ninayo.

Jumanne, 5 Novemba

Jana nilitenda. Mstari wa tatu niliuchora kwa rula, nikaandika jina langu kwa mwandiko wa zamani, wenye mikia. Uhusiano: babu mzaa mama. Nikaiga na sahihi ya binti yangu. Si kazi, nani alimfundisha kuandika?

Fomu imerudi leo. Mwalimu mkuu wa sasa ameukata mstari wangu kwa wino mwekundu. Pembeni ameandika: Maagizo yanasema majina mawili. Soma swali kabla ya kujibu.

Maneno hayo ni yangu. Nilimwandikia yeye, akiwa darasa la sita, chini ya insha niliyompa alama nne kati ya ishirini. Ameutambua mwandiko. Miaka thelathini ameutunza moyoni, akingoja siku.

Binti yangu akasoma, akanitazama, akauliza kama nimekunywa dawa. Akajaza fomu nyingine. Safari hii hakuiacha mezani.

Mjukuu akataka kujua kwa nini Babu amepata kosa. Nikasema ni mambo ya maagizo. Akanifariji kwamba na yeye amepata makosa mawili leo, na kwamba mwalimu wake hagombi, anasema tu jaribu tena. Ana miaka saba. Mkoba wake unampiga magotini, na soksi moja siku zote imeshuka.

Ninapowaona yeye na fundi wakiingia wameshikana mikono, wanacheka jambo la njiani, nakuwa kama mtu aliyefika karamuni vyombo vinaoshwa. Habari zote za siku huzimaliza barabarani. Namwuliza shule ilikuwaje. Ananijibu, nzuri. Makombo hayo.

Jumatano, 6 Novemba

Kadi zimetoka. Fundi ameivaa yake shingoni kama medali. Amenionyesha mara mbili, mara ya pili bila kuombwa. Wala ya kwanza sikuomba.

Mpango mpya. Fundi akizidiwa na kazi saa nane na nusu, hataweza kwenda langoni. Binti yangu yuko maabara ya hospitali, hatoki kabla ya saa kumi. Atabaki nani? Hesabu ya darasa la kwanza.

Asubuhi nikampelekea suruali kumi na moja. Zote nilizo nazo. Nikabaki na ya kulalia. Nikamwambia zinaburuta, azipunguze, nazitaka leo hii kabla ya saa tisa, nina safari. Akauliza safari ya wapi tena, Mwalimu. Nikasema ni ya faragha. Machozi yakamlengalenga. Akasema Mungu ataniongoza, na kwamba nisiwe na hofu. Nadhani alielewa safari nyingine.

Saa nane nikavaa koti juu ya suruali ya kulalia, nikashika mkongojo. Nikachungulia dirishani. Fundi huyo, anapita na kapu la suruali zangu, sindano mdomoni. Alikwenda kuzipinda langoni, akisubiri kengele, na akina mama wengine wakamsaidia. Saa tisa kasoro zikaletwa zote kumi na moja, zimekunjwa vizuri.

Kosa ni langu. Nilisema zipunguzwe, sikusema kiasi gani. Zinaishia juu ya vifundo vya miguu. Mwalimu mzima nimetoa maagizo nusu.

Mjukuu ameniona nimevaa moja, akasema Babu, unafanana na mwanafunzi. Sentensi hiyo nimeikumbuka jioni nzima. Nimeirudia kimoyomoyo kama mtoto anayekariri shairi.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekwenda mwenyewe. Nimepumzika mara sita njiani, mara moja juu ya ngazi ya duka, mara moja juu ya tairi. Lango ni lilelile, rangi mpya. Bawabu ni jitu la mabega, wanamwita Komeo. Akaniamkia vizuri, akaniita mzee wangu, kisha akaomba kadi.

Nikamweleza kwamba kanuni ya kutomtoa mtoto kwa mtu asiyeandikwa niliitunga mimi, yeye hajaota meno. Akasema basi, mzee wangu, hakuna anayeijua kuliko wewe. Akaniletea kiti. Akakiweka nje.

Kengele ikalia. Siku hizi ni ya umeme, inaimba kama simu. Wakatoka. Nikamwona kabla hajaniona, soksi imeshuka, anaangaza huku na huku. Macho yake yalimtafuta fundi. Yalipita juu yangu kama yanavyopita juu ya nguzo. Kisha yakarudi, akacheka, akanipungia. Lakini nilikuwa nimekwisha kuliona lile jicho la kwanza.

Tukarudi watatu. Yeye kamshika fundi mkono, fundi kanishika mimi kiwiko. Wa tatu, kama kwenye fomu.

Jioni simu ya binti yangu ikalia. Ujumbe wa shule kwa familia zote. Taarifa ya usalama: mzee asiyefahamika, mwenye suruali fupi kupita kiasi, amekaa langoni zaidi ya saa nzima akidai ndiye aliyetunga kanuni za shule. Wazazi wawe macho. Binti yangu aliusoma kwa sauti. Akacheka mpaka akakaa chini. Mjukuu akacheka bila kujua anacheka nini. Kisha mama mtu akaniuliza polepole, Baba, unatafuta nini hasa pale langoni?

Pale ndipo ningesema. Nikasema suruali ni kosa la fundi.

Nitaungama hapa, kwa kuwa karatasi haikatizi mtu. Binti yangu alikuwa na miaka saba. Mama yake alikuwa amelazwa. Nilimwambia anisubiri kwenye benchi la langoni, nimalize barua ya Jumatatu, turudi pamoja. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Kulikuwa na koma moja iliyonisumbua. Nikatoka kwa mlango wa nyuma nikiiwaza hiyo koma, nikafika nyumbani, nikavua viatu. Jua lilikuwa linazama bawabu wa siku zile alipomleta, kamfunika koti lake. Mtoto hakulia. Alisema shikamoo Baba, akaingia ndani.

Jumatatu barua ikatoka. Niliongeza aya mbili. Ya kwanza: wapo wazazi wazembe wanaosahau watoto wao shuleni. Ya pili: kuanzia leo mtoto asitolewe langoni na mtu yeyote asiyeandikwa. Bawabu akapewa onyo la maandishi kwa kumtoa mwanafunzi bila idhini. Onyo hilo niliandika mimi. Halikuwa na kosa hata moja. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema asante Mwalimu. Alikwisha kufa, simpati tena.

Binti yangu hajapata kulitaja jambo hilo. Wala mimi. Neno la kuomba radhi ni moja tu, mtoto wa darasa la kwanza analiandika.

Ijumaa, 8 Novemba

Nianze na mazuri.

Fundi alikuwa na miadi kwa daktari wa macho. Binti yangu akapita shuleni kabla ya kazi, sijui aliongea nini na mwalimu mkuu, akarudi na kadi ya njano. Jina langu. Picha yangu ya zamani, nywele nyeusi. Ya siku moja tu. Akanivisha shingoni, akanifunga vifungo vya koti kimoja kimoja. Akasema, saa nane na nusu, Baba. Usiondoke kwenye kiti. Mtoto atakutafuta.

Nikafika saa saba. Komeo akaitazama picha, akanitazama mimi, akasema huyu wa kwenye kadi aingie, ila wewe sijui. Alikuwa anatania. Akaweka kiti changu ndani ya lango. Ndani! Kisha akaenda kula.

Mbele ya kiti kuna ubao wa matangazo. Sikutaka kuusoma. Wanafunzi wahakikishe wana vaa viatu vyeusi. Wana, nafasi, vaa. Nikageuza uso. Nikatazama maua. Nikakaa dakika tano nzima. Kisha nikainuka niende ofisini mara moja tu.

Mwalimu mkuu aliniamkia kwa heshima zote. Akakubali kosa. Akasema tena Mwalimu umekuja wakati mzuri, barua ya Jumatatu hii hapa haijachapwa, ungeipitia kidogo? Akanipa kalamu nyekundu, akaenda darasani. Sijui kama ilikuwa hisani au kisasi. Meza ileile. Dirisha lilelile. Kurasa mbili, makosa kumi na tisa. Tangu nistaafu sijapata mchana mzuri kama ule. Moyo wenyewe ulitulia, ukawa unapiga kama wa kijana.

Kengele niliisikia. Nisiseme uongo. Niliisikia kama nilivyoizoea miaka ishirini na miwili: sauti inayowahusu wengine.

Nilipotoka uwanja ulikuwa mtupu. Mtoto yuko kwenye kiti changu, mkoba mapajani. Komeo kachuchumaa kando yake. Hakujua nilikokwenda, na kumtoa mtoto hakuweza, kanuni hairuhusu. Alikuwa amempigia simu mama mtu. Binti yangu amesimama pale, koti la maabara bado mwilini, anahema. Akatazama zile karatasi mkononi mwangu, wino mwekundu umejaa.

Mjukuu akasema, Babu, nilikutafuta.

Tukatembea hatua mia nne. Katikati ya njia akaniletea mkono wake, bila kuambiwa na mtu. Ni mdogo kuliko nilivyodhani, na una jasho. Mkono alinipa. Habari za siku hakunipa.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo sikuweza kuinuka. Daktari amekuja, akanisikiliza kifua, akatoka kwenda ukumbini.

Baadaye binti yangu akaja akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakufoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kufokewa, nilikuwa na majibu. Akasema tu kwamba jana, alipokuwa anakimbia kwenda langoni, alikuwa na miaka saba njia nzima. Kisha akasubiri. Ni mtu anayejua kusubiri.

Neno likanijia mpaka kwenye meno. Lilikuwa pale, lote, na tahajia yake sahihi. Alikuwa amenishika mkono. Nje mjukuu alikuwa anasoma kwa sauti, anamsomea fundi, na fundi anamwambia rudia hapo, mwanangu, hapo pazuri.

Nikamwuliza fomu ya muhula ujao inatoka lini.

Akanitazama. Macho ya mama yake kabisa. Akasema Januari, Baba. Akanifunika shuka mpaka kidevuni, akanibusu kipaji cha uso, akatoka.

Januari si mbali. Nitafika langoni saa sita kamili, ili nimalize ubao wa matangazo kabla ya kengele.