Mchezo Usio na Mshindi, na Jinsi Nitakavyoushinda

Jumatatu, 8 Septemba

Bi Wahiba, mwenye chekechea yetu hapa Chang'ombe, amefuta mashindano ya mbio. Wiki iliyopita Nawaf, miaka minne, alimng'ata mwenzake kwenye mstari wa kumalizia. Sasa ni michezo ya kushirikiana tu: hakuna wa kushinda, hakuna wa kutolewa. Mie na Mwalimu Herieth kila mmoja aandae wake, Ijumaa wazazi waje kuona. Mwenye mchezo utakaowashika watoto wote ndiye atakuwa mwalimu wa michezo. Na mwalimu wa michezo hana zamu ya kupeleka watoto chooni. Miaka miwili nimepeleka watoto chooni! Lazima nishinde.

Jumanne, 9 Septemba

Nimejaribu mchezo wa viti. Muziki ukizimwa wote wanakaa. Kiti kinapunguzwa, mtoto hapunguzwi, wabanane, wapakatane. Kwenye karatasi ulikuwa mtamu. Nawaf amekalia kiti kimoja, akakumbatia cha pili, akatangaza kuwa vyote ni vya kwao. Watoto kumi na mmoja wakarundikana kwenye cha tatu. Kiti marehemu.

Salsabil hakucheza. Mgeni huyu. Wiki ya tatu sasa anasimama getini na begi mgongoni, hasemi na mtu, mpaka baba yake, Bwana Nasser wa duka la vitambaa, aje kumchukua. Herieth huenda kusimama naye. Anapoteza muda. Mie nahitaji wachezaji.

Jumatano, 10 Septemba

Nimechungulia dirishani kwa Herieth. Ana shuka tu! Watoto wanalishika kuzunguka pembeni, mpira katikati, wanaurusha na kuudaka bila kuuangusha. Wanacheka mpaka wanakaa chini.

Wazo zuri. Kwa hiyo nimelichukua, ila kwa ukubwa unaostahili: nimeazima turubai la lori gereji ya jirani. Watoto kumi na wawili wamelinyanyua mpaka magotini, likawashinda, likawafunika wote. Nimewahesabu kwa miguu. Ishirini na tatu. Nimetokwa jasho mpaka nilipogundua mmoja amesimama mguu mmoja. Bi Wahiba alipita, akauliza darasa langu liko wapi. Nikamwambia wamepumzika.

Alhamisi, 11 Septemba

Narudi kwenye viti. Ila kwanza nimeuficha mpira wa Herieth juu ya kabati la ofisini. Nilitegemea ahangaike. Hata hakuuliza. Amewakalisha watoto, wakafunga matambara kwa kamba, kila mmoja akiongeza lake. Hata Salsabil ametoa leso begini mwake, bila neno. Mpira umetoka mzuri kuliko wa dukani.

Nimejisikia vibaya, dakika tatu hivi. Halafu nimekwenda kununua ubuyu. Nawaf nimemwahidi pakiti nzima, nusu leo nusu kesho, akikubali kugawana kiti.

Ijumaa, 12 Septemba

Balaa. Nawaf hana siri. Wazazi wamekaa, muziki umezimwa, na badala ya kukaa watoto wote wamenizunguka wanadai ubuyu. Hakuna aliyegusa kiti. Mama mmoja ameuliza kwa upole huu mchezo unaitwaje.

Ikaja zamu ya Herieth. Mpira ukawa unatorokea upande mmoja, pale pa Nawaf, aliyekwenda pembeni kumalizia pakiti yake. Ndipo Salsabil akavua begi. Akaliweka chini, akatembea uwanja mzima peke yake, akashika pale palipokuwa wazi. Shuka bado likalegea. Akageuka, akanitazama mie.

"Ticha, shika na wewe. Hapa panalegea."

Wiki tatu, na hayo ndiyo maneno ya kwanza. Nikashika. Ningefanyaje? Mpira ukapanda, ukashuka, watoto wakahesabu mpaka ishirini, kumi na nne wakairuka. Bwana Nasser aligeukia ukuta, akautazama muda mrefu. Mie nikajifuta macho. Vumbi la gereji.

Jumamosi, 13 Septemba

Bi Wahiba ameamua: mwalimu wa michezo ni Herieth. Na Herieth ameomba mie niwe msaidizi wake, kwa sababu, amesema, Salsabil alinichagua mwenyewe. Choo tutapokezana. Nilipomrudishia mpira wake, akaniambia alikuwa anajua ulipo tangu Alhamisi.

Kuna jingine. Mwezi ujao chekechea moja ya Mikocheni inakuja kucheza na watoto wetu. Bi Wahiba amerudia mara mbili, akinitazama: kucheza nasi, si dhidi yetu. Nimemwelewa kabisa. Kushindana ni utoto. Ushirikiano ndio kila kitu. Nimeshaandika orodha ya watoto wenye mikono mirefu. Salsabil kapteni. Mazoezi Jumatatu, kabla ya uji. Hao wa Mikocheni tutashirikiana nao mpaka waombe kurudi kwao.