Miguu ya Kuvukia Tope

Jumatatu, 3 Aprili
Mjukuu wangu ana siku tatu duniani na bado sijamshika! Binti yangu kajifungua ng'ambo ya bonde, na mvua imeligeuza bonde uji. Tope hadi magotini. Aliyeko huko ni Bibi Mzaa Baba, mama wa mkwe wangu. Kamng'ang'ania mtoto tangu Ijumaa. Leo kapiga simu, sauti tamu kama anauza kitu. Eti mwenzangu usijisumbue, ngoja tope likauke, mtoto akisikia sauti yangu tu ananyamaza. Sauti yake! Bawaba isiyotiwa mafuta! Mtoto aizoee hiyo, halafu mimi nije nionekane mgeni? Thubutu.
Shule sikuingia hata kuchungulia. Herufi hizi kanifundisha binti huyo huyo, ukubwani. Lakini macho ninayo. Bata wa jirani anavuka tope lile kila asubuhi, maringo matupu. Nimemtazama miguu. Nimepata!

Jumanne, 4 Aprili
Siri ya bata ni ngozi kati ya vidole. Mguu mpana, hauzami. Nimejifunga mifuniko miwili ya ndoo miguuni. Mpira wa kufungia kanikatia fundi viatu, yule mwenye kibanda mbele ya mlango wangu. Kauliza bibi unakwenda wapi umevaa vyombo. Akaanza na mengine, eti kwa nini usizunguke… Nikamkatiza. Ashone viatu, aache ya watu.
Hatua ya kwanza, safi. Ya pili, safi! Ya tatu mguu ukagoma. Nikavuta. Tope nalo likavuta. Bata akapita kando yangu bila salamu, ndipo nikaona: akiinua mguu anakunja vidole, kama anafunga mwavuli. Mfuniko haukunjiki. Fundi kanitoa kwa kamba.
Lakini hatua tatu! Jana zilikuwa sufuri. Ushindi.

Jumatano, 5 Aprili
Bata ni mfupi, ndiyo kasoro yake. Leo korongo. Miguu mirefu, tumbo halilowi hata tone. Nimepata miti miwili, nimepigilia vibao vya kukanyagia. Nilipanda nikawa mrefu kuliko paa la kibanda cha fundi. Nilimwona hadi upara.
Nikaingia tope. Nikaanza kushuka. Taratibu, wima, kama msumari unaogongwa. Kumbe korongo ana vidole virefu ametandaza chini, mimi nina ncha. Kamba tena. Fundi kauliza kesho tutakuwa mnyama gani, ajue urefu wa kamba.
Hata hivyo, nimeiona nyumba ya binti yangu kwa mbali. Nepi kwenye kamba! Nimelia kidogo. Jasho tu.

Alhamisi, 6 Aprili
Simu. Bibi Mzaa Baba kasema atamtuma mwanawe aje anibebe mgongoni. Mkwe wangu anibebe mgongoni! Miguu yangu kiunoni mwa mkwe! Nimekata simu, kisha nimeipiga tena ili nikate vizuri.
Nikakaa ukingoni kwa hasira. Kambare akapita kwenye tope, kwa tumbo. Miguu hana kabisa! Kalala, kajipindapinda, huyooo.
Kumbe kosa langu ni kusimama.

Ijumaa, 7 Aprili
NIMEFIKA!
Tumbo ndani ya beseni kubwa la kufulia, miguu nje nyuma, mwiko huku na mwiko huku. Nikasukuma. Beseni likateleza! Nikampita bata! Nilimwambia la moyoni. Watu ng'ambo wakapiga vigelegele, nami napiga kelele njia nzima: mjukuu wangu, bibi yako nakuja, usimsikilize mtu!
Binti yangu anasema mtoto alikuwa analia. Akasikia kelele zangu, akanyamaza, akageuza kichwa mlangoni. Bibi Mzaa Baba mwenyewe kashuhudia. Akasema hapana, humshiki ukiwa chungu cha udongo. Akachukua maji ya moto ya mtoto akaniogesha mimi, akanisugua mgongo hadi nyuma ya masikio, huku akinisema. Ana mikono mizuri, mshenzi yule. Kisha kaniwekea mtoto mapajani.
Mzito kama mkate wa moto. Kanishika kidole.

Jumapili, 9 Aprili
Fundi viatu kaja kutoa pongezi. Viatu vyake vikavu! Eti kuna njia ya kuzungukia nyuma ya kinu cha kusagia unga, dakika kumi, haina tope. Ndiyo aliyotaka kunieleza Jumanne. Bibi Mzaa Baba kacheka hadi kashika ukuta. Mimi sikucheka. Njia hiyo mtu yeyote anaweza kuipita, sifa yake nini?
Tena huyo mwenzangu kaficha mafuta ya mtoto juu ya kabati, karibu yaguse dari, eti nampaka mengi. Ngazi kaificha pia. Lakini nimelala chali na mjukuu kifuani, tunamtazama mjusi anavyotembea darini. Miguu juu, kichwa chini, wala hadondoki.
Nimemwambia fundi kesho arudi na gundi. Kopo zima.