Kinoo Chenye Bonde na Kichwa cha Baba Mkwe

Leo aibu imenikuta nikiwa na wembe mkononi.

Mnajua kesho wazee wetu wanatoka Kinna kuja kuniposea Talaso, yule wa afisi ya kaunti. Basi asubuhi hii, stima ikiwa imepotea Isiolo nzima, nani anaingia kwenye duka langu la kinyozi? Mzee Dida, baba yake Talaso.

"Salaam aleikum. Ninyoe kichwa chote. Kesho niko na wageni."

(Wageni wenyewe ni wajomba zangu. Tukajifanya hatujui.)

Mashine haina moto, kwa hiyo nikatoa wembe wa kukunja wa marehemu babu. Nikaunoa kwenye kinoo mbele yake, taratibu, kwa madaha, ili aone binti yake anakwenda kwa fundi. Nikaujaribu kwenye nywele za mkono, kwa ile ncha ya mbele tu. Ukakata vizuri. Laiti ningejaribu katikati.

Nikapaka sabuni, nikavuta wembe kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Pande mbili safi. Katikati ukabaki mstari wa nywele. Nikavuta tena, mstari mwingine. Kichwa cha mkwe wangu kikawa shamba la mahindi lililopandwa kwa kamba.

"Kijana, mbona inavuta?"

"Ni nywele zako ziko ngumu, mzee."

(Mungu anisamehe. Mzee ana nywele laini kama za mtoto.)

Nikabonyeza zaidi. Machozi yakamtoka. Hapo ndipo Guyo, jirani yangu wa bucha, akaingia na visu vyake.

"Jarso, niazime kinoo kama kawaida."

Akalaza kisu juu ya kinoo, na mimi nikaona mwanga ukipita chini ya kisu. Katikati kulikuwa na bonde. Kila Idi nawaachia majirani wanolee visu vya kuchinjia pale, bure, na wote husugua katikati. Wembe wangu ulikuwa ukigusa kingo tu. Ncha zake mbili zilipata makali, katikati haukuguswa kabisa.

"Guyo, hiki kimeliwa," nikanong'ona.

"Kwa kisu hakina shida," akasema, akaenda nacho.

Kabla sijamwita Guyo aniletee wembe mpya wa dukani, mzee akaomba kioo. Akajitazama. Hakunitukana, na hilo ndilo linaloniuma. Akavaa kofia juu ya sabuni, akaaga kwa adabu, akatoka.

Najuta, jamani. Kukisugua kinoo kwenye sakafu ya saruji mpaka kiwe sawa ni kazi ndogo, na kila siku nilisema nitaifanya kesho.

Sasa hivi Talaso amenitumia ujumbe: "Baba amesema wageni waje. Anauliza tu kama uko na kaka ambaye hajaoa."

Ninaye. Nawaomba sana, mzee asiambiwe.